Ubeti wa Pili

Jumapili binti yangu kanifuata jikoni na simu, vitunguu viko motoni, ananionyesha video ya mbuzi anayerukaruka huku nyuma kunapigwa wimbo wa zamani. "Mama, huyu anayeitikia si wewe?"

Ni mimi. Yule kaka wa Majengo, mwenye wimbo, alitaka sauti ya kanisani kwenye kiitikio, na mimi nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika. Tukapanda basi asubuhi kwenda Arusha, kwenye studio iliyobandikwa trei za mayai ukuta mzima kuzuia mwangwi. Jirani akianza kutwanga, kazi inasimama mpaka amalize. Malipo yangu yalikuwa chipsi mayai na nauli ya kurudi Moshi. Sikuona ubaya. Nani alikuwa analipwa siku zile?

"Kwani aliimba nini kingine?" Nikajifanya vitunguu vinaungua.

Mwaka 2003 wimbo ule ulikuwa haukwepeki. Kwenye kifodi, daladala zetu za Moshi, upo, saluni upo, watoto wa chekechea wanauimba maneno wamekosea. Wenzetu X Plastaz wa Arusha walikuwa wameshafika Ulaya na hip hop yao, kwa hiyo hatukushangaa chalii wa Majengo aliposema zamu yake imewadia. Akabeba masta yake, ile rekodi mama ya kutolea nakala, hadi Kariakoo kwa msambazaji. Biashara ya kaseti ilikuwa hivi: unauza masta, unapewa chako mkononi, unasaini, mmeachana. Zikiuzwa elfu moja, zikiuzwa laki moja, hayo si yako tena. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, lakini mtu aliyelala stendi akisubiri ofisi ya msambazaji ifunguliwe hasomi sheria, anahesabu noti. Alirudi na raba nyeupe, cheni shingoni, na friji la mama yake kwenye buti la basi. Hilo friji ndilo lililodumu kuliko vyote.

Wimbo wa pili haukushika. Wa tatu hata redio za huku kwetu ziliupiga kwa aibu. Akawa mtu wa shughuli: harusi, send-off, vipaimara.

Sasa kuna kipaimara kimoja pale Pasua, mwaka 2006, mwaka ule wa ukame, bwawa la umeme la Mtera limepungua maji na umeme unakuja kwa mgao. Binti wa jirani yetu ndiye aliyekuwa anabarikiwa. Mimi nilikuwa upande wa vyombo, sikujua kamati imemwalika nani. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, akaletwa amesimama kwenye sinia, majani mdomoni, akina shangazi wanamsindikiza kwa vigelegele. Akakatwa, wakubwa wakalishwa, ndipo emsii akatangaza "msanii wetu wa kimataifa". Akatokea nyuma ya maturubai. Raba ni zilezile. Miwani meusi, saa moja usiku.

Alikuwa anaimba kwa pleibeki. Sidii ina sauti yake yote, yeye anaongezea neno hapa na pale, mengine anawaelekezea watu maiki waimbe wenyewe. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Kiitikio kilipoanza, umeme ukakatika.

Watu hawakunyamaza. Ukumbi mzima uliendelea na kiitikio gizani, simu za tochi zikawaka, mtu akaleta chemli. Akaniona nimesimama na sinia la glasi. "Dada! Dada wewe, njoo hapa!" Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda. Tuliimba kile kiitikio bila maiki, na nitasema wazi kwamba sauti yangu ilikuwa bado ipo.

Kisha ikafika zamu ya ubeti wa pili.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaifuta maiki kwenye shati, maiki ambayo hata umeme haina, akaisogeza tena mdomoni. Akanigeukia. Nami ubeti wa pili siujui, sijawahi kuujua. Kule studio niliimba kipande changu, nikapewa chipsi. Miaka yote ile sidii ilikuwa inamwimbia, na yeye alikuwa ameshausahau.

Aliyeokoa jahazi ni binti wa kipaimara. Alisimama meza kuu na gauni lake jeupe, akaanza: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuruka neno, mpaka kile kicheko kidogo alichokiacha kaka kwenye rekodi naye alikicheka palepale pake. Kaka aliinamisha kichwa upande anasikiliza, kama mtu anayesimuliwa habari za ndugu yake aliyeko mbali. Binti alipomaliza, anko wake aliyetoka Dar akainuka na noti ya elfu kumi. Akampita msanii, akaenda kumtuza binti. Wengine wakafuata kwa foleni, wanacheza. Kaka akabaki katikati na maiki yake. Halafu akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akapanga foleni na yeye. Akamtuza.

Jenereta lilipopatiwa petroli, dijei akaanzisha wimbo tangu mwanzo. Akauimba wote, na ubeti wa pili ukatoka vizuri kabisa, na sidii. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Pilau lilikuwa limeshaanza kupakuliwa.

Nimekuwa nikikisimulia kisa hiki kama kisa cha huzuni, na watu hutikisa kichwa pale wanapotakiwa kutikisa. Lakini nilimkuta baadaye nyuma, karibu na masufuria, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakula mbavu za ndafu, na wala hakuwa na sura ya mtu aliyeanguka. Aliomba pilipili. Akasema yule binti anajua kuimba, wazazi wake wasimharibu. Akatoa elfu tano.

"Ya nini?"

"Ya kiitikio."

Nikamwambia aache utani. Akaiweka kwenye sinia katikati ya glasi chafu, akaendelea kula. Sikuigusa mpaka alipoondoka, kisha nikaigusa. Kabla ya kuondoka aliniambia ana kipaimara kingine Machame wiki inayofuata, kama ninaweza kwenda naye, nauli ipo. Nikamwambia nina zamu kazini. Zamu ilikuwepo kweli, ila ningeweza kubadilishana na mtu.