Cheti cha chanjo kikiondolewa mlangoni

Jiji la New York liliacha kuwadai wateja wa migahawa, kumbi na majumba ya mazoezi uthibitisho wa chanjo ya UVIKO-19 tarehe 7 Machi 2022. Sharti la chanjo kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, hata hivyo, lilidumu hadi 1 Novemba mwaka huo. Hapo ndipo wengi waliteleza. Kyrie Irving, mchezaji wa kikapu ambaye hakuwa amechanjwa, aliweza kuketi na watazamaji katika uwanja wa timu yake lakini hakuruhusiwa kucheza hapo, mpaka wanamichezo na wasanii waliposamehewa tarehe 24 Machi. Kichekesho, ila ndivyo kanuni zilivyosomeka.

Kwa hiyo, kama unaendesha mgahawa au ukumbi na sharti limeondolewa, soma amri yenyewe, usitegemee kichwa cha habari. Tafuta tarehe ya kuanza kutumika, nani anaguswa (mteja, mfanyakazi au wote), na kama barakoa imetajwa kando.

Kisha amua: kuondolewa kwa sharti kwa kawaida hakukukatazi kuendelea kudai cheti kwa hiari yako, isipokuwa sheria ya eneo lako inazuia. Ukiacha, bandua matangazo mlangoni siku hiyohiyo na urekebishe tovuti na ujumbe wa tiketi. Mlinzi wa zamu ya usiku ndiye husahaulika. Ataendelea kudai vyeti wiki nzima.

Nakala za vyeti vya wateja ziharibiwe, zikiwemo picha zilizobaki kwenye simu za kazini. Za wafanyakazi zisiguswe kabla ya kukagua muda wa kuzihifadhi kisheria.