Siku moja maishani mwangu: "Wewe rudishia tu"

Saa 12:15 asubuhi. Nafagia chini ya mwarobaini. Ofisi yangu ni kivuli hicho, meza moja ya mbao, kabati la bati na mashine ndogo ya upepo, hapa Kihonda, Morogoro. Nafagia mpaka udongo ung'ae, na si kwa sababu ya usafi. Usipofagia asubuhi, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele kikidondoka mchana ndiyo buriani.

Mimi ni fundi kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Pikipiki nzima naijua, lakini kabureta ndiyo inayoniletea wateja, mwaka wa kumi na moja huu. Watu wanadhani kazi yenyewe ni kuimwagia petroli na kupuliza. Mama yangu mkubwa alishaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, na huko kupuliza kunalipa?"

Saa 1:00. Pikipiki mbili za kijiweni. Moja bakuli la kabureta, linalotunza petroli, limejaa maji na mchanga, nyingine choki imekwama. Nusu saa, zote zimeondoka.

Saa 2:30. Kijana anayeshusha karoti kutoka Mgeta. "Fundi, mjini inakwenda kama mshale. Nikianza kupanda, inakohoa." Nikafungua plagi, nyeusi ti kama mkaa. Mjini hapa tuko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mgeta ni zaidi ya 1,000, hewa ya kule ni nyepesi. Kabureta haijui kwamba umepanda mlima, inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Ndani yake kuna sindano inayopima mafuta, ina mikato mitano ya kukaa klipu. Nikaipandisha klipu mkato mmoja, sindano ikashuka, mafuta yakapungua. Akanilipa elfu tatu na fungu la karoti. Ningekuwa na wateja kumi wa namna hii ningekuwa nimeshaezeka.

Saa 4:00 akaja yeye.

Alikuja kwa miguu, ameshika mfuko mbadala. "Kaka, kazi nimeshaimaliza. Nimefungua mwenyewe, nimesafisha mwenyewe, niliangalia YouTube. Wewe rudishia tu."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kabureta tupu, bakuli lake, na kopo la Blue Band lenye petroli chafu na vitu vidogovidogo vikigongana chini kama maharage.

"Hivi vyote ni vya pikipiki yako?"

"Vyote. Nimevitoa kwa mkono wangu huu."

Ninayo sahani nyeupe ya plastiki kwa kazi hiyo tu, mke wangu ameshaikatia tamaa. Nikamwaga vyote, nikaanza kupanga. Kabureta ya pikipiki kama yake ina jeti mbili, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli. Jeti kubwa ni fupi, tundu lake unaliona kwa macho. Jeti ndogo, ya sailensi, yaani injini ikinguruma bila kuvuta gesi, ni ndefu na nyembamba, ina vitundu ubavuni, na tundu lake la kati ni kama limetobolewa na unywele. Kwenye sahani nikahesabu jeti ndogo moja. Jeti kubwa mbili.

"Kaka, hapa kuna jeti kubwa mbili."

"Hiyo moja itakuwa spea."

Spea! Nikachukua simu, nikafungua kamera, nikavuta picha karibu, maana macho yangu na maandishi ya jeti tuliachana zamani. Moja ya duara, 98. Ya pili kichwa cha pembe sita, 110. Nikaijaribu ile ya 110 kwenye kishikio chake, nyuzi zikakataa. Hapo ndipo wauza duka wengi wanapotupotezea muda. Mtu anakuja na namba tu, anapewa namba tu. Lakini kampuni za kabureta hazihesabu sawa: jeti za Keihin huhesabiwa kwa upana wa tundu, na zile za pembe sita za Mikuni huhesabiwa kwa mafuta yanayopita kwa dakika. Mia moja ya huku si mia moja ya kule. Kwanza angalia nani kaitengeneza na kichwa kikoje, namba iwe ya mwisho.

Sindano nazo zilikuwa mbili. Nikazilaza kwenye kioo cha simu, nikazisukuma kwa kidole. Zote zimenyooka, ila moja imeizidi mwenzake urefu. Nikamwangalia. Akaangalia barabarani.

"Bado, fundi? Yule wa YouTube alitumia dakika nane."

Nikainua ile 98 juu nichungulie anga. Tundu lilikuwa na umbo la yai. Nikamuuliza alizibua na nini. Waya wa klachi, akasema, uzi mmoja tu. Shaba ni laini, jamani, waya wa klachi ni chuma. Ukishakwaruza hapo, ile namba iliyoandikwa kichwani ni uongo. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi, 98, kichwa cha duara, nikamtuma dukani. Akakaa huko karibu saa nzima, akarudi na 38.

"Hii ni jeti ndogo, kaka. Nilikuandikia 98."

"Si zote jeti?"

Akarudi tena dukani akinung'unika hesabu ya bosi. Mimi nikabaki na skrubu ya mchanganyiko, na hiyo skrubu ndiyo iliyonila. Inaingia na wadogo zake watatu, springi, washa na oringi, kwa mpangilio huohuo. Springi ilikuwepo. Washa nikaiona imejibandika chini ya kopo kama gamba la dagaa. Oringi hamna. Nikamulika tochi ndani ya tundu lake. Ipo. Nikachukua sindano ya kushonea niliyoikunja ncha, nikaingia nayo taratibu, nikaivuta, ikatoka nzima. Nikamulika tena kwa mazoea tu, nikaona weusi mwingine. Kuna fundi aliwahi kusukumia oringi mpya juu ya ile ya zamani! Hiyo ya chini ilikuwa imebanwa mpaka imelala kama chapati, na ilitoka vipandevipande, kila kipande na dua yake. Mgongo ukaanza kuniuma hapo na haukuacha tena.

Halafu hata ikishakaa sawa, hiyo skrubu ina tabia mbili. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, ukikaza unapunguza. Ikiwa upande wa kichujio inapima hewa, ukikaza mafuta yanazidi. Fundi asiyeangalia iko upande gani atazungusha mpaka jioni.

Adhana ya Alasiri ilinikuta nimeinama vilevile. Karoti ndizo zilikuwa chakula changu cha mchana. Jamaa alikuwa amesharudi na jeti yenyewe, amesimama mgongoni kwangu, ananipumulia shingoni. Akaokota oringi kubwa ya bakuli. "Hii siyo. Imezidi." Kweli ilikuwa imezidi mfereji wake, kwa kuwa alikuwa ameilaza usiku kucha kwenye petroli, ikavimba. Nikaitundika kwenye kijiti cha mwarobaini, upande wa jua. Akaniona mshirikina. Baada ya muda ikanywea, ikaingia kwenye mfereji kama haijawahi kuondoka.

Floti, lile boya linalofunga mafuta bakuli likijaa, nikaijaribu kwa mdomo: kabureta kichwa chini, puliza bomba la mafuta, pumzi ikwame. Ikakwama. Slaidi, ile inayopanda ukivuta gesi, nikaiingiza, sehemu yake iliyokatwa ikitazama kichujio. Yeye alikuwa na uhakika kwamba inatazama injini. Hapo sikumjibu.

Akaisukuma pikipiki yake kutoka kijiweni, nikafunga. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili ikaguna. Ya tatu ikawaka, nikarekebisha sailensi mpaka ikatulia, ile tu-tu-tu ambayo hata ukiwa umechoka unatabasamu. Naye akatabasamu. Tulikubaliana elfu kumi. Akanihesabia sita.

"Kaka, si umerudishia tu."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikachukua.

Nyumbani, mke wangu hanipi chakula mpaka ninawe kwa limau na sabuni ya unga, na hata hivyo ugali una harufu ya petroli kwa mbali. Nilipovua suruali, mfukoni kikalia kitu. Kipande cha boksi nilichokikunja, ndani yake ile jeti ya pembe sita na ile sindano ndefu.

Nimeshalala, simu ikaita. Ni yeye, na sauti imekuwa ya upole.

"Fundi wangu, samahani kwa usiku. Ile jeti ya ziada bado unayo? Kuna jirani yangu hapa, yake haiwaki tangu jana."

"Na sindano?"

Kimya. Kwa mbali nikasikia mtu wa pili anafoka.

"Na sindano pia."

Nikamwambia waje wote wawili saa moja asubuhi, na waje na elfu nne yangu.