Watu Walioijua Kazi Yangu

Mwezi Aprili 2020, Tanzania iliposimamisha safari za ndege za kimataifa kwa sababu ya korona, nilikuwa mhasibu mwandamizi katika kampuni moja ya utalii mjini Arusha. Maombi ya wageni waliotaka kurudishiwa amana zao yalikuwa yamejaa mezani kwangu tangu Machi. Kwa hiyo tulipoitwa na kuelezwa kwamba wengi wetu tungekwenda likizo bila malipo, mimi niliyekuwa nikiandaa makisio ya fedha za kampuni nilijua kwamba likizo ile haikuwa na mwisho unaojulikana. Anga ilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni hawakurudi kama tulivyoomba; nchi iliyopokea watalii wapatao milioni 1.5 mwaka 2019 ilipokea takriban 620,000 tu mwaka 2020.

Marafiki zangu wa karibu walinihurumia kwa dhati, ila karibu wote walikuwa waongoza watalii, wapishi wa kambi na wahasibu wa kampuni jirani, na habari walizokuwa nazo ndizo nilizokuwa nazo mimi: nani amefunga ofisi, nani anauza magari. Ndugu zangu waliahidi kuniombea nafasi kwa mkubwa mmoja huko Dar es Salaam. Niliwashukuru kwa upendo wao, lakini sikuitaka kazi ya namna hiyo, kwa kuwa anayeingizwa kazini kwa upendeleo huchukua haki ya mwenzake, na mhasibu aliyeingia kwa mlango huo atapata wapi nguvu ya kumkatalia mkubwa anayemtaka afiche hati?

Nilichukua daftari nikaorodhesha watu walioiona kazi yangu kwa macho yao: mkaguzi wa nje aliyekuja kila mwaka kukagua hesabu zetu, afisa wa benki aliyeshughulikia akaunti za kampuni, mshauri wa kodi, fundi aliyetuwekea programu ya uhasibu, na wahasibu niliokutana nao kwenye semina za Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Wengi wao sikuwahi kuwatembelea nyumbani, na baadhi tulikuwa hatujazungumza kwa mwaka mzima. Kila mmoja nilimwandikia ujumbe wake mwenyewe, nikimkumbusha tulifanya nini pamoja, nikimweleza hali yangu kwa sentensi chache, kisha nikimwomba anieleze sekta yake inavyokwenda na ni ujuzi gani wa uhasibu unaohitajika huko. Kazi sikuiomba. Mtu asiye na nafasi ya kukupa huona aibu kujibu ombi la kazi, lakini swali kuhusu shughuli anayoifahamu hulijibu kwa furaha, na mara nyingi katika majibu hayo ndimo habari ya nafasi hujitokeza.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye kuheshimu sana maadili ya taaluma, na jibu lake nalikumbuka hadi leo. Nilipompigia na kumwamkia, alisema, "Binti yangu, siri za wateja wangu siwezi kuzitoa, wala sitampigia mteja simu kumwambia akuajiri. Lakini liandike jina langu kati ya wadhamini wako. Wakiniuliza, nitawaambia nilichokiona kwenye mafaili yako." Hakunifungulia mlango wowote siku ile, lakini kwangu maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko ahadi zote za Dar es Salaam, kwa sababu yalitokana na kazi niliyoifanya.

Habari yenyewe ilitoka kwa mtu niliyemtarajia kidogo kuliko wote. Mwaka 2019, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 16 kilipoanza kutumika na kutulazimu kuingiza kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, karibu mikataba yote ya kukodi mali, nilikaa kwenye semina karibu na mhasibu wa kampuni inayouza parachichi nje ya nchi kutoka mkoani Kilimanjaro. Alikuwa akihangaika na mikataba ya malori na chumba cha ubaridi, nami nilikuwa nimekwisha kuikokotoa ya magari yetu ya safari, basi wakati wa chai nikamwonyesha jedwali langu. Baada ya hapo tulisalimiana mara moja tu kwa ujumbe, wakati wa sikukuu.

Sasa alinipigia mwenyewe. "Dada, parachichi zetu zinakwenda kwa meli, kwa hiyo sisi bado tunasafirisha," alisema. "Mwenzangu wa hesabu za mashamba anaondoka, na nafasi haijatangazwa. Ngoja nimwombe meneja ruhusa nikupe namba yake." Aliomba, akaruhusiwa. Kisha akanieleza kwa utulivu jambo ambalo katika utalii sikuwahi kuligusa: kwamba tangu 2016 mparachichi wenyewe huhesabiwa kama mtambo chini ya IAS 16, kiwango cha mali za kudumu, ilhali tunda lililo mtini hubaki chini ya IAS 41, kiwango cha kilimo, na kuthaminiwa kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza. Usiku ule nilisoma viwango vyote viwili hadi nikavielewa.

Meneja alinialika kwenye mtihani wa maandishi pamoja na waombaji wengine, jambo lililonifurahisha mno, na swali la mti na tunda lilikuwemo. Mkaguzi wangu alipigiwa simu wiki iliyofuata.

Baadaye nilisoma kwamba Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahoji watu waliopata kazi kupitia wanaowafahamu, na katika makala yake ya 1973 akaonyesha kuwa asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapa habari. Sikushangaa hata kidogo.

Barua ya ajira ilipofika, niliwaandikia wote waliokuwa kwenye daftari, wakiwemo wale ambao hawakuwa na la kunisaidia. Yule afisa wa benki alinipongeza, kisha akauliza kama waajiri wangu wapya wangependa kulinganisha gharama za akaunti ya fedha za kigeni. Nilimwomba meneja ruhusa, nikampa namba yake.