Pango la Krismasi Ndani ya Boksi la Kuhamia: Kumbukumbu ya Mradi

Jumapili, 30 Novemba 2025

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kuanzia leo nyumba yetu ina kazi mbili zinazogombea sebule moja. Ya kwanza ni kufungasha vitu vya watu wanne kabla ya Jumamosi, tarehe 3 Januari 2026, siku ambayo lori litakuja kutuhamisha. Ya pili ni Krismasi, ambayo haina habari na lori.

Jana usiku, watoto walipokwisha kulala, mke wangu alipendekeza kwamba mapambo yabaki kabatini mwaka huu, kwa kuwa kila kitakachoshushwa sasa kitapaswa kufungashwa tena baada ya wiki nne. Nilimjibu kwamba binti yetu ana miaka 5, na huenda hii ndiyo Krismasi ya kwanza atakayoikumbuka akiwa mtu mzima. Nisingependa akumbuke maboksi matupu. Mdogo wake ana miezi 10. Yeye hatakumbuka lolote, ila anatambaa, na hutia mdomoni kila anachokikuta sakafuni. Baada ya kuvutana kidogo tulipatana hivi: mapambo ya zamani hayatashushwa, lakini nitatengeneza kitu kimoja tu, yaani pango la Krismasi lenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, kwa sharti kwamba liwe ndani ya boksi la kuhamia, na kwamba siku ya lori vifuniko vyake vifungwe na lipakiwe kama lilivyo, pasipo kutoa kitu ndani. Sharti hilo liliwekwa na mke wangu, na nakiri kwamba ndilo lililoufanya mradi huu univutie.

Jumapili, 7 Desemba

Boksi la pango limepatikana kwa makosa. Nilikuwa nimejaza vitabu katika boksi kubwa namba 14, lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 40. Hesabu ningepaswa kuifanya mapema: boksi hilo lina ujazo wa lita 96, na karatasi iliyobanana ni nzito kiasi kwamba likijaa vitabu linapita kilo 50 bila shida. Lilipofika nusu nilijaribu kuliinua, likagoma, na sehemu ya chini ikaanza kuachia. Vitabu vyote nimevihamishia kwenye maboksi madogo ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Kila moja nililipima kwa kusimama juu ya mizani nikiwa nimelibeba, kisha nikasimama bila kulibeba na kutoa tofauti; nimejitahidi lisizidi kilo 18, kwa sababu kuna ngazi huku na huko. Vitu vizito katika boksi dogo, vitu vyepesi katika boksi kubwa: kila aliyewahi kuhama huyasema haya, lakini mimi nilihitaji kusikia mgongo ukiuma ndipo nikayaamini.

Namba 14 likabaki tupu. Nimelifunga sehemu ya chini upya kwa selotepu, nikalilaza ubavu ili mdomo utazame mbele, na vifuniko vinne vikawa kama milango ya jukwaa. Ubavuni bado limeandikwa VITABU kwa herufi kubwa. Nimeigeuzia ukutani sehemu hiyo.

Jumamosi, 13 Desemba

Wiki nzima imekwenda katika tatizo moja, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu sikulitegemea. Paa la pango lilianza kubonyea siku ya pili, wakati juu yake palikuwa na karatasi za kufungashia zilizokunjwakunjwa ziwe mlima, mzigo ambao hata kilo moja haufiki.

Sababu nimeiona nilipokata kipande cha kadibodi na kukitazama kwenye ukingo. Kati ya karatasi mbili za nje kuna karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi, na mawimbi hayo huelekea upande mmoja tu. Boksi likisimama kama lilivyokusudiwa, mawimbi katika kuta zake husimama wima kama nguzo nyingi nyembamba, na ndiyo maana maboksi huweza kubebana yakipangwa moja juu ya jingine. Nilipolilaza, nguzo hizo zote zililala pamoja nalo, zikaelekea kutoka mbele kwenda nyuma. Hivyo kuta za pembeni hazikuwa tena na nguzo, na paa, ambalo lilipaswa kuvuka sentimita 60 kutoka kushoto hadi kulia, lilikuwa na mikunjo iliyolirahisishia kubonyea mahali hasa palipohitaji ugumu.

Dawa yake imekuwa kupishanisha. Nimekata vipande vya kadibodi kutoka boksi lililochanika, nikavibandika ndani ya kuta za pembeni mawimbi yakiwa wima, na chini ya paa mawimbi yakielekea kushoto na kulia. Tabaka mbili zenye mawimbi yanayokatana hazina upande dhaifu, kwa njia ileile inayoifanya mbao ya plaiwudi iwe imara kuliko ubao mmoja wa unene huohuo. Jaribio la kwanza nilitumia gundi ya uji wa unga, nayo ikaleta maji mengi kiasi kwamba kipande kilijikunja kama jani linalokauka. Safari ya pili nilipaka gundi nyeupe kidogo sana, nikaweka maboksi mawili ya vitabu juu yake usiku kucha. Angalau vitabu vimefanya kazi mbili. Uji wa unga nimeubakiza kwa ajili ya mlima, ambao ulitaka siku mbili kukauka na ulimpa binti yetu mchana mzima wa kuchafuka kwa ruhusa.

Kwa upande wa kufungasha tumemaliza vyumba viwili. Mke wangu ameweka daftari la orodha: kila boksi lina namba, chumba linakokwenda, na yaliyomo. Namba huandikwa pande mbili za boksi, wala si juu, kwa kuwa maboksi yakishapangwa sehemu ya juu haionekani. Sahani amezisimamisha kwa ukingo badala ya kuzilaza, kila moja katika karatasi yake, na parafujo za kitanda cha mtoto amezitia katika mfuko mdogo na kuufunga kwenye ubao wa kitanda hichohicho. Sina la kuongeza hapo.

Jumapili, 21 Desemba

Sanamu zimekwisha. Kabla ya kukata nilitaka kujua ni ngapi hasa zinazohitajika, maana kila moja ni saa nzima ya kisu na rula, na hilo lilinirudisha kwenye maandiko yenyewe. Luka anataja Mariamu, Yusufu, mtoto, hori, wachungaji na malaika. Ng'ombe na punda hawatajwi. Waliingizwa baadaye na Wakristo waliokumbuka maneno ya Isaya, sura ya kwanza, kuhusu ng'ombe amjuaye mwenyewe na punda anayejua hori la bwana wake. Mamajusi wako kwa Mathayo peke yake, naye hasemi walikuwa wangapi. Watatu wanatokana na zawadi tatu. Nilipomsomea mke wangu matokeo ya utafiti huu, akanitazama na kusema, "Baba watoto, punda utamkata." Nimemkata, na ng'ombe pia. Hata hivyo wanyama wana haki yao ya zamani: Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa mkesha wa Krismasi huko Greccio, Italia, mwaka 1223, alileta hori, majani makavu, ng'ombe na punda walio hai.

Kila sanamu ni vipande viwili vinavyoingiana. Kipande cha mbele kina mpasuo kutoka chini hadi katikati, kile cha kukingama kina mpasuo kutoka juu hadi katikati, na upana wa mpasuo ni sawa na unene wa kadibodi, milimita 4 hivi. Ukiwa mpana zaidi sanamu inalegea. Ukiwa mwembamba karatasi inachanika. Yusufu, aliye mrefu kuliko wote, ana sentimita 14. Miguu yote imebandikwa sakafuni, isipokuwa ya mamajusi, ambao wana kazi nyingine.

Sanamu ya mtoto Yesu ndiyo iliyotupa shida. Kipimo tulichotumia kwa ajili ya mdogo wetu ni kile bomba la karatasi linalobaki toileti pepa inapokwisha: chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Mtoto wa kwanza niliyemkata alipita moja kwa moja na kuanguka upande wa pili. Nikamkata tena pamoja na hori lake kama kipande kimoja, upana wa sentimita 9, na sasa hapiti. Binti yetu alikagua kazi hiyo kwa makini, kisha akasema, "Baba, mtoto ni mkubwa kuliko wachungaji." Ni kweli. Nimeacha hivyohivyo.

Taa nilizokuwa nimezipanga nimeziondoa pia. Zilitumia betri bapa za duara, ambazo mtoto akizimeza zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2 tu, na kifuniko cha taa zile kilifunguka kwa ukucha. Nimeweka nyingine, ambazo kasha la betri zake limefungwa kwa parafujo na limebandikwa nyuma ya boksi. Mishumaa haikujadiliwa kabisa katika nyumba iliyojaa kadibodi.

Alhamisi, 25 Desemba

Pango limesimama, paa halijabonyea. Sebuleni kulikuwa na maboksi 31 yaliyopangwa ukutani, na mke wangu aliyafunika kwa shuka jeupe, hata wageni wawili waliopita kutusalimu wakadhani ni pambo. Zawadi zilikuwa chache kwa makusudi. Tuliwaomba babu na bibi walete vitu visivyohitaji boksi, na bibi akaleta hadithi tatu na wimbo mmoja. Mdogo wetu alilala wakati wote wa mchana.

Mamajusi hawajafika. Utaratibu ni kwamba wanasafiri: walianza juu ya rafu ya jikoni, na kila asubuhi binti yetu huwasogeza hatua moja kuelekea sebuleni, wafike tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana. Shida ni kwamba tarehe 6 pango litakuwa katika nyumba nyingine. Nilipomweleza, alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama mtoto Yesu naye alihama. Nikamwambia ndiyo, na zaidi ya mara moja, kwani Mathayo anasema mamajusi walimkuta katika nyumba, na baada yao familia ile ikaondoka usiku kwenda Misri. Akataka kujua nani aliwabebea vitu. Hilo sikuwa na jibu lake.

Jumamosi, 3 Januari 2026

Naandika usiku, nikiwa nimekaa sakafuni, kwa kuwa viti viko chini ya magodoro. Friji tulilizima jana asubuhi ili barafu iyeyuke na likauke kabla ya kubebwa. Boksi la usiku wa kwanza, lenye mashuka, nepi, miswaki, dawa za watoto na kibisibisi, lilipakiwa la mwisho na kushushwa la kwanza, na hilo pekee limetuokoa na ugomvi.

Namba 14 limesafiri likiwa limelala, vifuniko vimefungwa kwa selotepu, na juu yake pameandikwa USIWEKE KITU. Mmoja wa vijana wa lori aliweka kitu. Lilikuwa kapu la nguo, si zito, na kuta zilizopishanishwa zimelibeba safari nzima. Nilipofungua usiku huu nimekuta mchungaji mmoja ameng'oka na mlima umepasuka kwenye kona. Yusufu amesimama. Binti yetu alisinzia kabla sijawasha taa.

Jumanne, 6 Januari

Mamajusi hawapo. Kwa kumbukumbu yangu, usiku wa tarehe 2 walikuwa dirishani pa bafuni, hatua moja kabla ya korido, na asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyekomba kila kilichobaki bafuni kwa haraka. Tumefungua maboksi sita bila mafanikio. Binti yetu hakulia, lakini alikuja kila baada ya nusu saa kuuliza wamefika wapi.

Jumamosi, 10 Januari

Wamepatikana katika boksi namba 41, ndani ya taulo, wote watatu, mmoja shingo imepinda. Nimemnyosha na kumbandikia kipande kidogo cha kadibodi mgongoni, mawimbi yakiwa wima. Binti yetu aliwaweka mbele ya hori bila sherehe yoyote, akawahesabu, kisha akaenda kuleta daftari la mama yake. Katika mstari wa 14 neno "vitabu" lilikuwa limekwisha kukatwa na kuandikwa "pango". Mstari wa 41 ulisema "mataulo" tu. Akanipa kalamu, akasimama karibu kuhakikisha, nami nikaongeza: "na mamajusi".