Nanga ya Theluji

Mtu wa kwanza kunigombeza kule kaskazini alikuwa na miaka tisa. Mpwa wangu alinikuta kwenye chumba cha kulala cha treni nikivaa jozi mbili za soksi za pamba, moja juu ya nyingine, nikijiona nimejipanga vizuri. "Mjomba, utakatwa vidole," akasema, kwa Kiswahili chake cha Uppsala, Uswidi, kinachopanda na kushuka kama bembea. Akanivua zote. Pamba ikishalowa jasho haikauki, na soksi zikibana, damu haifiki vidoleni. Akanipa jozi moja nene ya sufi na buti za baba yake zilizonizidi saizi mbili. "Vidole lazima vicheze." Nikatii. Nina miaka hamsini na nne.

Treni ya usiku inatoka Stockholm kwenda mpaka Narvik, Norwei, na sisi tulipandia Uppsala anakoishi mdogo wangu. Ilikuwa likizo ya shule ya Februari, wanaiita sportlov, na mabehewa yalijaa familia zilizobeba skii na vyakula utadhani wanahama. Mdogo wangu alikuja na chapati na maharage ya nazi ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana. Harufu ikasambaa korido nzima, na mzee mmoja Mswidi akapita mara tatu bila sababu ya maana. Usiku kucha nje kulikuwa giza na misonobari, giza na misonobari. Asubuhi shemeji akanitikisa: "Shemeji, tunavuka!" Tulikuwa tunapita Polcirkeln, kijiji kilichopewa jina la mstari wenyewe wa Aktiki. Kikapita kabla sijapata miwani.

Mimi ni mtu wa Tanga, na babu yangu alikuwa nahodha. Nilipokuwa mtoto, kaskazi lilikuwa jina la upepo kabla ya kuwa upande wowote wa dunia. Ulikuja na jahazi mwishoni mwa mwaka, kisha kusi ikazirudisha. Kwa hiyo nilimshangaa shemeji, ambaye amezaliwa huko huko juu, aliponiambia kwamba kwao majira ya baridi ndiyo majira ya kusafiri. Mimi nilidhani watu hujifungia ndani wakisubiri yapite. Kumbe wakati wa joto ndio wa taabu: nchi ni kinamasi, mbu hawasemeki, na kila ziwa ni la kuzungukwa. Theluji ikishuka na maji yakiganda, unakata moja kwa moja. Njia za msimu huo zimewekewa nguzo zenye misalaba myekundu juu yake, na nyingine zinapita katikati ya ziwa kama barabara ya halmashauri. Babu angemwelewa mara moja.

Kiruna tulilala usiku mmoja tu. Ni mji wa chuma. Mgodi umechimbwa chini kwa chini mpaka ardhi ya juu imeanza kupasuka, kwa hiyo mji unahamishwa, na kitovu kipya kilizinduliwa 2022, kilomita chache mashariki. Usiku, kama saa saba na nusu, kitanda kikatikisika kidogo, glasi ikalia mezani. Nikaketi. Shemeji akaniambia asubuhi kwamba ni baruti za mgodini, hulipuliwa kila usiku, na yeye utotoni alikuwa haamki. Kanisa la mbao la 1912, jekundu, limechongoka kama hema, tulilikuta bado mahali pake pa zamani, limefungwa, likitayarishwa kwa safari. Agosti 2025 likabebwa zima, tani 672, juu ya magari ya magurudumu mengi, likatembezwa kilomita tano kwa siku mbili. Nililitazama kwenye simu nikiwa Tanga, na majirani wakakataa kuamini.

Jukkasjärvi, mwendo mfupi kutoka Kiruna, ndipo ilipo ile hoteli ya barafu. Wanaijenga upya kila mwaka tangu majira ya baridi ya 1989 na 1990, kwa mabonge wanayoyakata mto Torne na kuyaweka akiba mpaka msimu unaofuata. Jua la masika likija, hoteli inarudi mtoni. Tuliingia kuangalia, hatukulala. Ndani ni nyuzi 5 chini ya sifuri siku zote, na kwa kuwa nje kulikuwa 24 chini ya sifuri, nilipoingia nilijikuta nafungua zipu ya koti. Kuta zinapitisha mwanga wa buluu, kitanda ni bonge la barafu lililotandikwa ngozi. Pazuri, sikatai. Lakini kulipa pesa zile ili upewe baridi, baridi ambayo imejaa nje bure! Mdogo wangu alisema nina roho ya kimaskini. Labda.

Mbwa ni habari nyingine.

Ukifika kwao unasikia kelele kwanza. Mbwa wanaobweka nawajua. Hawa walikuwa wanalia, wanaruka juu wima, wanatafuna kamba, kila mmoja anadai aondoke sasa hivi. Wembamba kuliko nilivyotarajia, miguu mirefu, wengine wamevalishwa vijiatu vya kitambaa vya rangi rangi. Sleji, kigari cha kuteleza wanachokivuta, imezuiwa na kitu cha chuma chenye kucha mbili zilizopinda, kimekanyagiwa ndani ya theluji. Nikamuuliza kijana aliyetuongoza kinaitwaje. Shemeji akatafsiri: nanga. Nikamwambia arudie. Nanga! Nikainama nikaishika, na kweli, ndogo, lakini babu angeitambua gizani.

Kijana akatupa sheria moja: hata ukianguka, usiachie mpini, kwa sababu mbwa hawarudi kukuchukua. Nikasimama nyuma juu ya zile mbao mbili, mdogo wangu akaketi mbele amefunikwa mablanketi. Nikang'oa nanga.

Kelele ikakatika papo hapo. Hilo ndilo sikulitegemea. Mbwa sita waliokuwa wanapiga ukelele wakanyamaza kimya, na kilichobaki ni mkwaruzo wa mbao chini na pumzi zao. Wanakunywa theluji mbio mbio, wanachota kwa pembeni ya mdomo bila kupunguza mwendo. Wanajisaidia mbio mbio pia, na harufu inakuja moja kwa moja kwa nahodha. Hili halimo kwenye picha za watalii. Vinyweleo vya puani vilikakamaa kama nyuzi za mswaki. Miti inapita, kimya, jua la manjano limelala juu ya misonobari, nikaanza kujisikia mtu wa maana. Kona ya pili nikaanguka. Na nikaachia.

Nikiwa nimelala kifudifudi niliinua kichwa nikaona sleji inaishia mbali, na sauti ya mdogo wangu inapungua: "Kakaaa!" Kijana wa mbele aliwadaka mbwa huko mbele, nikatembea kama dakika kumi kuwafikia. Mbwa walinitazama kwa dharau. Mdogo wangu alinitazama vibaya zaidi.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa mfugaji wa Kisami, mtu wa makamo mwenye kofia ya buluu na macho ya kuchekacheka. Wasami ndio wenyeji wa nchi hizo kabla ya mipaka ya Norwei, Uswidi, Finlandi na Urusi, na ufugaji wa reni umewashika kama ng'ombe walivyowashika Wamasai. Reni ni ukoo wa kulungu, ila ana manyoya mazito na kwato pana. Akitembea, kano za miguu zinalia tik, tik, tik. Kundi likipita karibu nawe unasikia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Majike ndio waliokuwa na pembe. Madume wakubwa hupoteza zao baada ya msimu wa kupandana, na jike mwenye pembe anaweza kumfukuza mwenzake kwenye shimo la malisho. Mfugaji akatuonyesha jicho la mmoja: wakati wa giza la baridi linageuka buluu, wakati wa joto ni la dhahabu.

Chakula chao wakati wa baridi ni laikeni, kuvu iliyoungana na mwani ikaota ardhini, wanaifukua chini ya theluji kwa kwato. Alituchimbia shimo tuone. Juu theluji laini, chini chembechembe kama chumvi ya mawe. Ile ya juu akaitaja muohta, theluji tu. Ya chini seaŋáš, hiyo reni anaifukua kwa urahisi. Na ile inayoganda ganda gumu masika hadi ikabeba mtu ni cuoŋu. Nikamwambia kwetu nasi maji si maji tu, kuna bamvua na maji mafu, na mvuvi asiyezijua siku hizo analala njaa. Akafurahi. Kinachomtisha, alisema, ni mvua. Siku hizi inaweza kunyesha katikati ya majira ya baridi, halafu ikaganda, na malisho yakafungwa chini ya kioo. Reni ananusa chakula asikifikie. Inabidi anunue chakula cha mifuko.

Hapo, kwa kuwa tulishazoeana, nikamuuliza: "Sasa wewe unao wangapi?"

Shemeji hakutafsiri. Akakohoa. Mpwa wangu akatafsiri, mtoto hana hiyana. Mzee akakaa kimya kidogo, akamimina kahawa, akasema: "Wako upande huu wa mti, na wako upande ule." Baadaye nje shemeji akanieleza kwamba swali lile ni sawa na kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki. Nikaona aibu, maana hata kwetu mfugaji hahesabiwi ng'ombe wake mbele za watu. Nilijua. Ugeni tu ulinitoa akili. Lakini yule mzee hakununa. Ndani ya hema lake, wanaliita lávvu, alitia vipande vya jibini kwenye kahawa ya moto, vikalainika bila kuyeyuka, vikawa vinalia kwenye meno. Nyama ya reni ya moshi sikuila, kwa sababu ya kichinjo. Jibini nilirudia mara tatu.

Abisko tulikaa siku nne. Pamejengwa sifa juu ya mwanga wa kaskazini, Wasami wanauita guovssahas, na sababu yake ni milima: mawingu ya Atlantiki yanamwaga mvua yake upande wa Norwei, yakifika Abisko yameisha. Ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Uswidi. Siku mbili za kwanza mawingu yalikuwa hayana habari hiyo. Tukakaa ndani tukila. Jua lilikuwa linazama mapema, sala zikafuatana: adhuhuri, alasiri, magharibi, glavu hazijakauka unatawadha tena.

Usiku wa tatu tukaona ukanda wa kijivu angani, kama moshi wa mkaa. Mimi nikasema wingu. Mpwa wangu akaelekeza simu, na kwenye simu ukawa kijani kibichi. Nikajisikia nimetapeliwa, picha zote zile nilizoziona miaka yote, kumbe mwanga ukiwa hafifu jicho halioni rangi, kamera ndiyo inayoona. Shemeji akasema subiri. Kama saa tano ukaamka. Hapo jicho halikuhitaji msaada: kijani, ukingo wa chini waridi, ukakung'utwa kama kanga kabla ya kuanikwa, kutoka mlima mpaka mlima. Hapakuwa na sauti hata kidogo. Mdogo wangu alikuwa anasema Subhanallah, Subhanallah, na simu yake iko mfukoni. Haukufika dakika kumi.

Lakini mimi nilichokuja nacho moyoni ni ziwa. Torneträsk, lililo pale pale Abisko, lina urefu wa kama kilomita 70 na kina cha mita 168 mahali pa ndani zaidi, na sisi tulitembea juu yake asubuhi kwa miguu, tukivuta kisleji chenye keekee la kutobolea, upawa na ngozi ya reni. Kabla sijakanyaga, mpwa wangu alinivika shingoni vijiti viwili vyenye ncha za chuma vilivyofungwa kwa kamba. Ukizama, unavichomeka kwenye barafu ngumu na kujivuta utoke. Sentimita 10 za barafu ngumu zinambeba mtu. Hapo palikuwa na zaidi ya nusu mita, keekee lilituonyesha wenyewe. Nililijua hilo kichwani. Miguuni sikulijua.

Kisha ziwa likalia. Mlio mrefu, wa chini, ukaja kutoka upande wa pili kama siwa inayopulizwa ndani ya kisima, ukapita chini ya miguu yetu ukaenda. Nilipiga magoti. Shemeji akacheka hadi akaketi: barafu inatanuka na kusinyaa joto likibadilika, na mlio huo si dalili kwamba inavunjika chini yako. Tukachota vipande kwa upawa, tukalala kifudifudi juu ya ngozi, uso tunduni. Chini maji ni ya kijani, safi, unaona mshipi wako mpaka ndoana na funza wake. Fimbo yenyewe ni fupi kama mwiko. Unavuta kidogo, unaachia, unavuta. Kuvua mshipi ni kuvua mshipi. Mkono ulikumbuka wenyewe. Baada ya saa moja na nusu akaja mmoja, tumbo la machungwa, madoa mepesi ubavuni, wanamwita röding. Tukamkaanga pale pale kwa siagi, watu wanne, samaki mmoja.

Niliporudi Tanga nilimsimulia mzee mmoja wa pwani aliyevua na babu. Nikamweleza tundu, ngozi, mlio, na vile vijiti vya shingoni, ambavyo nimevitundika ukutani. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akatema tambuu.

"Haya. Ulipata wangapi?"

"Wako upande huu wa tundu," nikamwambia, "na wako upande ule."