Christopher Alex ni nani?

Juzi nimekaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, Simba damu damu, tunaangalia magoli kwenye simu yangu, akaniuliza anko hivi kabla ya kina Chama na Miquissone tulikuaga na nani? Nikamwambia tulikua na Christopher Alex. Akasema ndo nani huyo? Sikumkasirikia, kipindi hicho hakuwepo hata kwenye mipango, lakini usiku nimejigeuza kitandani mpaka nikaona hapana, hii lazima niiandike.

Namuelewa dogo. Simba yake yeye ni ya makundi ya Afrika karibu kila msimu, Al Ahly anakuja kwa Mkapa anapigwa moja na Kagere 2019, anarudi 2021 anapigwa moja na Miquissone, ubingwa wa ligi mara nne mfululizo kameshuhudia angali kadogo, na 2025 tumeenda hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ndo Berkane ya Morocco wakatuliza. Kwake hayo ni maisha ya kawaida. Sisi makundi ya Ligi ya Mabingwa tuliyaonja 2003 halafu tukakaa, tukakaa, mpaka 2018 ndo tukarudi. Miaka 15 jamani! Mtoto anazaliwa, anaanza shule, anaota ndevu, sisi bado tunahadithiana tulivyowatoa Zamalek ya Misri.

Na ilivyokua kukutana na Zamalek 2003 msiione ndogo. Wale ndo walikua mabingwa watetezi, kombe la 2002 lilikua kwao. Mechi ya kwanza tukawapiga moja bila hapa Dar, Emmanuel Gabriel, kwenye uwanja ule wa Taifa wa zamani ambao saivi ndo Uhuru, maana huu wa Mkapa ulikua bado haujajengwa. Watu wakafurahi lakini furaha yenyewe ya wasiwasi, mtaani kila kona ni yaleyale, moja tu? unaenda Cairo na moja tu? Hata wana Simba wenyewe walikua wanasema tukifungwa mbili tumshukuru Mungu.

Aliyekua anaamini ni mjomba peke yake. Mjomba wangu ni wa tangu timu inaitwa Sunderland, kabla ya 1971 hawajabadilisha jina, na yeye ana hadithi zake ambazo tumezisikia mpaka tunaweza kumsaidia kuzimalizia. Ya kwanza ni ile ya Julai 19, 1977, Yanga kala sita, King Kibadeni tatu, Masimenti mbili na moja wakajifunga wenyewe, na mpaka leo naandika hapa hakuna mwingine aliyefunga tatu kwenye mechi ya watani. Hiyo anaisimulia akiwa amekaa.

Ya Mufulira anaisimulia amesimama. 1979, Mufulira Wanderers ya Zambia imekuja Dar imetufunga nne bila, nyumbani kwetu, mbele ya watu wetu, mjomba anasema alirudi kwa miguu na hakuna aliyeongea na mwenzake njia nzima. Watu wakasema wasiende tu kule, kwanini wakaongeze aibu. Wakaenda. Wakashinda tano bila, ugenini, wakasonga mbele. Hapo huwa anaonyesha vidole vitano na anavizungusha kwa kila mtu aliyepo chumbani mmoja mmoja, hata mtoto mchanga anaonyeshwa.

Sasa 2003 kila mtu akimwambia mjomba moja haitoshi, jibu lake lilikua neno moja tu, Mufulira.

(Kuna moja haisimulii. 1993, fainali ya Kombe la CAF, tumetoka sare ya bila kufungana Abidjan, tumerudi nyumbani, Rais Mwinyi yupo uwanjani, nchi nzima inasubiri kombe, Boli Zozo wa Stella akatufunga mbili. Ukitaja Stella mbele ya mjomba anainuka anaenda kuangalia kama geti limefungwa.)

Kikosi chetu kile kilichocheza na Zamalek nakipenda kwa namna ambayo siwezi kuwapenda hawa wa sasa, na hawa wa sasa nawapenda kweli. Kaseja bado kijana langoni, Pawasa na Victor Costa nyuma, Matola katikati, na kocha James Siang'a, Mkenya, mwenyewe alikua golikipa enzi zake. Makundi tuliyoingia hayakua ya mchezo, mule kulikua na Enyimba na Ismaily na hao wawili ndo waliokuja kukutana fainali. Siang'a ametangulia 2016. Christopher Alex alimtangulia, 2015, kule Dodoma, baada ya kuugua.

Siku hiyo simu ya kwanza niliyopigiwa ilikua ya baba. Baba yangu ni Yanga, sio Yanga wa mdomoni, ni Yanga ambaye Simba ikicheza na timu yoyote duniani yeye ni wa hiyo nyingine. Akanisalimia, akanyamaza kidogo, akasema mwanangu, yule kijana wenu wa Zamalek ametutoka. Nimeiwaza sana hiyo sentensi. Alianza na wenu, alipofika mwisho akasema ametutoka.

Ndo maana swali la dogo limeniuma. Alex hakua mtu wa mbwembwe, alikua kiungo, anafanya kazi yake, na penalti yake ile moja ndo iliyotupeleka. Watoto wanatakiwa wamjue kama wanavyomjua Chama.

Basi dogo, sikiliza ilivyokua. Sebuleni kwa mjomba tupo kama kumi na kitu, redio ya betri ipo mezani, betri zilianikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu, mimi nimekaa chini kwenye mkeka karibu kabisa na spika. Cairo wametufunga moja, jumla moja moja, ngoma imeenda kwenye penalti. Mtangazaji sauti imemkauka, redio nayo inakuja inapotea, unasikia jina halafu unasikia shhhh. Tumefika mahali tukipata hii tumepita tatu mbili. Mtangazaji akasema anakwenda Christopher Alex. Mjomba akainuka akashika antena, maana ukiishika inatulia. Alex anaweka mpira, anarudi nyuma, anakuja... shhhhhhh. Kimya. Kumi na kitu tumekodolea macho redio ambayo haisemi kitu, sijui ni sekunde tatu sijui kumi, dada yangu, mama yako wewe, ameniminya bega mpaka kesho yake lilikua linauma. Mjomba akainama akaweka sikio kwenye spika kabisa. Sisi hatusikii chochote. Halafu nikaona mkono wake mmoja unapanda juu taratibu, ule mwingine bado umeshika antena.