Ukingo wa boneti

"Baba, huwa unatafuta nini kwenye magari ya watu?"

Mwanangu aliniuliza hivyo Jumapili tulipokuwa tunakatiza maegesho ya Mlimani City. Nilikuwa nimepitisha kidole gumba kwenye ukingo wa boneti ya Prado nyeusi, juu kidogo ya taa ya kushoto. Nikamjibu kwamba sitafuti kitu. Akaniangalia, akanyamaza, tukaenda kununua madaftari. Lakini lile neno "huwa" limenikaa. Maana yake ameniona zaidi ya mara moja.

Ni ile V8 ya mwaka 2012. Nikikuta gari kubwa jeusi, mkono unakwenda wenyewe.

Tulikuwa bado tunapiga magari polishi pale Kinondoni, chini ya mwarobaini: Fundi, mimi na yule kijana wa kuosha. Anko, dereva wake, aliileta Alhamisi asubuhi. Land Cruiser 200, urefu karibu mita tano, na Jumamosi ndiyo ingembeba binti wa bosi wake kwenda kufunga ndoa. "Fundi, mzee anataka ajione mlangoni kama kwenye kioo," alisema, akatukabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Jua la saa nne liliipiga boneti, na yote yakaonekana. Mikwaruzo midogo midogo ya duara, imelizunguka jua kama utando wa buibui. Ile haitokani na ajali, inatokana na kuosha: sponji iliyookota mchanga, ndoo moja ya maji tangu paa mpaka magurudumu, kitambaa kilichoanguka chini kikakung'utwa tu na kurudishwa kazini. Gari jeupe nalo huwa na mikwaruzo hiyohiyo, ila haijitokezi kwa sababu weupe wote unarudisha mwanga. Kwenye jeusi kila mstari unajitangaza. Fundi alisoma namba ya rangi kwenye kibao cha kiwanda: 202. Ile 218 ina vichembe vinavyometameta, angalau vinalisumbua jicho. "Hii 202 ni nyeusi tupu," akasema. "Ni kama maji ya kisima. Likianguka jani, unaliona."

Yapo mambo ya Fundi ambayo mpaka leo nayaamini kuliko niliyofundishwa darasani. Alisema polishi haiongezi kitu, inapunguza. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, ile ya chini kabisa, mpaka klia, ile ya juu isiyo na rangi, ina unene wa maikroni 100 mpaka 150 hivi, na maikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Klia peke yake, ile inayobeba mng'ao, ni kama 40 au 50, haifiki hata unene wa unywele. Mkwaruzo hauzibwi. Klia iliyouzunguka ndiyo inayosagwa taratibu mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo, hapo mwanga ukipita haukwami. Kwa hiyo kila gari linaloondoka liking'aa limeacha kitu chake kwenye pedi yako, na huwezi kukirudisha. Alikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala: ukingoni usipite na mashine. Pale rangi huwa nyembamba, na pedi inayozunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika hukusanya nguvu zake zote kwenye kamstari kamoja. Joto linapanda kabla hujahesabu tatu. Ukingo unabandikwa tepu ya karatasi, halafu unamaliziwa kwa mkono.

Tukaiosha, tukaipitishia klei kutoa uchafu ulionasa, tukapiga milango, paa na buti kivulini. Siku mbili zikaisha.

Ijumaa usiku ilibaki boneti. Fundi alikwenda kuswali Isha. Nilikuwa na umri wa miaka 19, kazini nina miezi minane tu, na nilitaka akirudi aikute imekwisha. Nilikuwa nafika upande wa kushoto tepu ilipoanza kunyanyuka kwa unyevu, ikawa inapigapiga kwenye pedi. Nikaibandua. Nilijiambia nitabandika nyingine nikimaliza pale katikati.

Taa yetu ilikuwa tyubu moja ndefu, imening'inizwa kwenye tawi. Kwenye boneti ilionekana kama mstari mweupe ulionyooka, kutoka upande wa kioo mpaka kwenye taa za mbele, na nilikuwa naufuata mstari huo kwa furaha kwa sababu kila nilipopita ulizidi kunyooka. Jirani walikuwa wamefungulia taarifa ya habari. Kompaundi, ile dawa ya kusagia klia, ilikuwa inalainika vizuri, inageuka ukungu mwepesi. Nikasogea, nikasogea tena.

Harufu ndiyo iliyobadilika kwanza. Kompaundi ikifanya kazi hunuka kama chaki na mafuta ya taa. Ghafla nikasikia harufu ya plastiki iliyoguswa na pasi. Mashine ikatoa mlio mzito na kuuvuta mkono wangu kushoto. Nikaachia swichi. Pedi iliendelea kuzunguka kidogo, kama feni umeme ukikatika, ikatulia.

Nikafuta kwa taulo. Nikafuta tena. Alama ilibaki palepale, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kandokando imefubaa na katikati ni kijivu. Kijivu kile ni praima. Nilipaweka kidole, pakawa pa moto, na sikukitoa. Nilikiacha pale mpaka bati likapoa, kana kwamba likipoa rangi itarudi. Mstari wa taa ulikuwa unakuja umenyooka vizuri kabisa, ukifika pale unakatika, kisha unaendelea. Mtangazaji alikuwa anasoma habari za bei ya sukari. Nakumbuka nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Kwenye droo kulikuwa na kopo la kiwi nyeusi ya viatu. Nilipaka kwa ncha ya kidole, nikasubiri, nikafuta kwa kugusa tu, nikapandisha waksi juu yake mara mbili. Mstari wa taa ukapita bila kukatika.

Kwa kawaida Fundi alikuwa anafuta kila sehemu kwa spiriti kabla ya kuikubali, maana mafuta ya polishi na waksi hujaza mikwaruzo na kudanganya macho. Aliporudi usiku ule aliinama, akaitazama boneti kwa upande, akanipiga bega. Hakuleta spiriti. Alikuwa amechoka, na aliniamini.

Anko alikuja alfajiri na shati jeupe lililopigwa pasi. Alisimama mbele ya mlango wa dereva, akajiona mzima, akaweka kola sawa. Akazunguka gari lote taratibu bila kuligusa. Alinipa shilingi 5,000 na kusema, "Mwanangu, mikono yako ina baraka." Nilizipokea.

Waksi haikai siku zote, na kiwi ya viatu haikutengenezwa kwa ajili ya mvua. Baada ya wiki tatu hivi Anko alirudi na ile V8, safari hii bila shati jeupe. Alituonyesha alama kwa kidole. "Mzee anasema nimeigusisha mahali. Mimi sijui nimeigusisha wapi." Halafu akanigeukia mimi, si Fundi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeishika hapa. Nilipoileta, hii ilikuwepo?"

Fundi alikuwa amechuchumaa akipiga msasa bampa la gari jingine. Msasa ukanyamaza.

Nikasema, "Sikumbuki, Anko."

Alitikisa kichwa polepole. Alinishukuru, nami mpaka leo sijui alinishukuru kwa lipi. Fundi aliinuka, akachanganya rangi, akapapaka pale bure, akapapiga klia, kazi ya karibu siku nzima. Anko alikaa kwenye benchi akinywa maji, simu ikiita kila baada ya muda, na kila alipoipokea alisema, "Ndiyo, mzee. Nipo kwa fundi, mzee."

Fundi hakuniuliza neno. Jioni alinipa pesa nikanunue tepu mpya ya karatasi. Niliporudi alikuwa amesimama kwenye droo. Alichukua lile kopo la kiwi, akalitia mfukoni, akaenda zake nyumbani.

V8 ilirudi tena mwaka uliofuata ikiwa na dereva mwingine, kijana. Nilimuuliza habari za Anko. Akasema alipoajiriwa alikuta hakuna dereva, basi. Anko alikuwa mtu mzima, huenda alistaafu. Huenda aliumwa, au alirudi kwao kulima kama alivyokuwa akisema kila mara. Huenda hizi nimeishi nazo miaka mingi, na zote zinawezekana. Lakini hakuna hata moja inayobadilisha nilichomjibu siku ile, naye alikuwa ameniita mwanangu.

Wiki hii nimejaribu mara mbili kumjibu mtoto. Mara zote mbili nilianzia mbali, kwenye maikroni, kwenye unene wa unywele, kwa nini nyeusi haifichi. Anapenda namba, kwa hiyo alisikiliza. Mara ya kwanza nilipofika kwenye tepu nikakumbuka kazi niliyoiacha nje.

Jana usiku nikafika tena palepale, nikasita. Akasubiri, kisha akaamua kunisaidia.

"Kwa hiyo tepu ilibanduka?"

"Hapana," nikamwambia. "Niliibandua."